Kinu Kitupu

Jumatano, 3 Julai

Sufuria nimezipanga, ndogo ndani ya kubwa, na kubwa ndani ya beseni. Kesho mnada, gulio letu la kila Alhamisi, uko hapa hapa Kitangari, kwa hiyo sina haja ya kugombana na mwenye gari. Wiki iliyopita nilikwenda Chilangala, nimerudi na mabeseni mawili yamepasuka. Dereva anasema yamepasuka yenyewe. Yenyewe! Kwani beseni lina akili?

Somoe kapita jioni kuazima kamba. Mumewe, Baba Hamisi, amechonga vinu vipya, bado vinanuka mti mbichi. Tumekaa jirani mnadani tangu mabinti zetu tunawabeba mgongoni. Mimi sufuria, yeye vinu na michi. Mtu akinunua kinu kwake namuuliza, unga utaupikia kwenye kofia? Anacheka, ananunua na sufuria.

Baridi. Ukungu haukuondoka mpaka karibu saa nne.

Wale vijana wawili wenye pikipiki isiyo na namba wamepita tena. Juzi walimpokonya mama mmoja mkoba njia ya bombani. Mwenyekiti wa kijiji kaambiwa. Kasema analifanyia kazi. Mwenyekiti wetu kila jambo analifanyia kazi, na hakuna hata moja lililowahi kwisha.

Alhamisi, 4 Julai

Sijanawa damu bado. Naandika hivyo hivyo.

Somoe amekatwa panga. Mchana kweupe. Mnadani. Watu wamejaa hata pa kukanyaga hakuna.

Leo wavulana walikuwa wanatoka jando. Ngoma, filimbi, miavuli, kanga mpya mabegani, mama zao wamejipaka unga usoni. Mnada mzima umegeuka sherehe. Sisi tuko upande wa nyuma tunafunga mizigo. Pikipiki ikaja taratibu kama mteja. Wa nyuma akaruka na panga, akakamata mkoba wa Somoe. Somoe hakuachia. Hakuwa mbishi, mkanda ulikuwa umemzunguka kifundo cha mkono. Akainua mkono wa kulia kujikinga.

Nikapiga yowe. Yowe la kupasua koo.

Wanawake wa upande wa pili wakanijibu kwa vigelegele.

Nikapiga tena. Wakajibu tena, kwa nguvu zaidi. Mmoja akarusha kanga juu. Nawaona, wananiona, wananipungia mkono! Damu ya Somoe inanitiririkia mguuni na wenzangu wananishangilia. Ilipofika zamu ya ngoma kunyamaza, pikipiki ilishapotea.

Nimemfunga mkono kwa kanga yangu, vibaya, sijui kufunga. Baba Hamisi kampeleka Newala. Mimi nimebaki nakusanya vinu vyake. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Jumamosi, 6 Julai

Newala walimshona, wakampeleka Masasi kwa sababu ya mishipa. Nimeshuka kumwona. Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Vidole viwili haviinuki. Daktari kasema tusubiri.

Hakulia. Afadhali angelia. Alisema neno moja tu: "Nataka nimwone. Autazame huu mkono, aniambie nilimkosea nini."

Nikamwambia Mungu atamlipa. Akageukia ukutani. Nami ningegeukia ukutani ningeambiwa hivyo.

Jumapili, 7 Julai

Mkutano wa kijiji. Nimerudi nimevimba.

Mwenyekiti kasimama, kavaa koti katika jua, akasema kina mama wote waondoke mnadani saa nane. Kwa usalama wao. Saa nane! Wateja wenyewe wanaanza kuja saa nane, wakitoka kupulizia mikorosho. Sasa anayekata watu anabaki, anayekatwa ndiye afukuzwe.

Ulinzi shirikishi utakuwa wa wanaume. Nikanyoosha mkono nikauliza, hao wanaume Alhamisi walikuwa wapi? Nikaambiwa nina jazba. Ninayo. Nikauliza tena, wanawake wanaopakia mizigo nyuma ya mnada watalindwa na nani? Akasema kwa sauti ya upole, ile inayoniudhi kuliko matusi: "Mama Salima, serikali ya kijiji imewaletea filimbi."

Katoa mfuko wa filimbi. Za plastiki, nyekundu. Watu wakapiga makofi.

Nimechukua moja. Nimeitupa ndani ya beseni lililopasuka.

Jumatano, 10 Julai

Somoe karudi nyumbani. Nimempelekea maji na kuni. Hataki kutoka hata uani. Pikipiki ikipita barabarani anajibana kwenye mlango. Huyu ndiye Somoe aliyekuwa anawatania wanaume mnada mzima mpaka wanakimbia. Baba Hamisi anasema mambo ya mnada basi. Hajamuuliza mkewe, amesema tu basi.

Nimemjibu vibaya. Sijutii.

Jumamosi, 13 Julai

Wifi yangu, Mama Pili, kapanda kutoka Lisekese. Nilimpigia simu nikamwambia njoo utufundishe, tumechoka kuwa kuku. Alipita mgambo enzi za usichana wake, na mpaka leo anatembea kifua mbele. Tumekutana uwanja wa shule, wanawake wa mnadani. Watoto wamejaa kutuchungulia.

Kaanza kwa kutukatisha tamaa. Tulidhani tutafundishwa kupiga. Akasema la kwanza ni kuondoka. Mkoba achia, simu achia, hata kanga mwilini achia, kimbia. La pili ni kuita watu. La tatu ni kumfunga aliyeumia. Mchi, fimbo, jiwe, hayo ni ya mwisho, pale ambapo njia ya kukimbia haipo. Akatufundisha kufunga jeraha kwa kanga: kunja, kandamiza kwa uzito wako wote, funga, inua mkono juu ya moyo. Nilimkandamiza Mama Tatu, muuza dagaa, mpaka akapiga kelele.

Nikakumbuka nilivyomfunga Somoe. Kanga ilining'inia kama pazia. Nilikwenda nyuma ya darasa nikakaa kidogo.

Baadaye tukajaribu hayo ya mwisho. Aibu. Kila mtu na fimbo yake, tunagongana, tunaumizana. Mama Tatu kanipiga kwenye goti. Watoto wamecheka mpaka wamelala chini. Mama Pili kasema tukimkabili mtu hivi, yeye atasimama pembeni na kusubiri tumalizane.

Jumapili, 14 Julai

Tumejaribu filimbi za Mwenyekiti. Yeye mwenyewe kaja kutazama. Mpango: mmoja anajificha nyuma ya mnada, anapuliza, walinzi wanakuja mbio.

Kapuliza. Wa kwanza kufika ni watoto, wanacheza. Nyuma yao vijana na ngoma ya debe. Nyuma yao bibi mmoja kabeba kanga ya kumtunza mwali wa jando, anauliza, mwali yuko wapi?

Katika msimu wa jando, mtu anawagawia wanawake filimbi za kuombea msaada! Mzaliwa wa hapa hapa! Katoka jandoni mwenyewe na filimbi hizo hizo zinamlilia masikioni! Mama Pili kacheka mpaka kashika mbavu. Mimi sikucheka. Mwenyekiti kasema tatizo ni upulizaji.

Yowe, wanadhani kigelegele. Filimbi, wanadhani ngoma. Debe, ngoma. Hapa kwetu kila kelele ni furaha. Mtu afe namna gani ndipo asikike?

Alhamisi, 18 Julai

Mnada. Nimebeba vinu vya Somoe nikavipanga mahali pake, pembeni yangu. Sikutaka mtu mwingine akae pale. Saa nane wanaume wa ulinzi wamepita na vitambaa begani, wanatuambia tufunge. Nimefunga mdomo, sikufunga biashara.

Halafu mwanamke mmoja, mnunuzi, akaanza. Eti yule mwenzenu aliyekatwa alitaka mwenyewe. Angeachia mkoba yangempata hayo? Eti tamaa. Kasema huku anabonyeza sufuria yangu.

Nilikuwa nimeshika mchi. Mungu ananijua, nilitaka kumpiga. Nikageuka nikaupiga ndani ya kinu. Kitupu. Nikapiga tena, na tena, kwa hasira, mti kwa mti.

Mnada ukanyamaza.

Si karibu yangu tu. Mpaka kwa wauza nyanya. Mpaka kwa fundi cherehani. Watu wamesimama, wamegeuka wote, wananitazama. Bibi mmoja kaja anajikokota, mkono kichwani, analia tayari: "Nnungu wangu, nani amekufa?"

Nilisahau. Kila mtoto wa huku amechapwa kwa hilo. Kinu kitupu hakitwangwi, unaita msiba. Makonde, Makua, Yao, wote tumekatazwa na bibi zetu. Hakuna sherehe inayopigiwa kinu kitupu. Hakuna.

Bibi kanigombeza mpaka basi. Nimeitikia ndiyo bibi, nisamehe bibi, na macho yangu bado kwenye kinu. Yule mnunuzi kaondoka bila sufuria.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemwambia Mama Pili. Kasema, basi hicho ndicho cha kuitia watu.

Wengine wamekataa. Ni mwiko. Mama Tatu kauliza, tukiita msiba ukaja? Nikamwambia msiba ulishakuja kwa pikipiki, haukusubiri kuitwa. Nilipaza sauti kupita kiasi. Mwishowe wamekubali, kwa sharti kwamba hakipigwi kwa majaribio. Kikipigwa, ni kweli.

Halafu michi. Fimbo tumetupa. Mama Pili kampa kila mmoja mchi na bado tukagongana. Nikachoka. Nikasema, jamani, sisi hatujawahi kutwanga? Tukasimama watatu kama tunazunguka kinu. Mmoja anashusha, wa pili juu, wa tatu njiani. Tumetwanga hivyo tangu tunaota meno, na michi haijawahi kugusana. Tukafanya hivyo hivyo, ila mchi hauendi chini, unakwenda mbele. Hatukugongana hata mara moja. Mtu aliye mbele hapati nafasi ya kuvuta pumzi.

Mama Pili alisimama mbele yetu na ungo kama ngao. Ungo umekwisha.

Watoto hawakucheka leo.

Jumatatu, 22 Julai

Nimekwenda kumweleza Somoe. Nilidhani atafurahi. Kasikiliza, macho kwenye mkono. Kasema: "Kwa hiyo mmejifunza baada ya mimi."

Nimeondoka nimekasirika. Njiani hasira ikanigeukia, maana kasema kweli.

Alhamisi, 25 Julai

Mnada. Hakuna kilichotokea. Kinu kimoja nimekiweka katikati, mchi ndani yake, hakiuzwi. Watu wanauliza bei, nawafukuza.

Alhamisi, 1 Agosti

Wamekuja.

Saa tisa na kitu. Pikipiki ile ile. Safari hii wamemfuata Mama Tatu, aliyekuwa anafunga mzigo wake wa dagaa. Akaachia mkoba kama alivyofundishwa. Akaachia, haki ya Mungu nimeona, akaanza kukimbia! Na bado yule wa nyuma akamfuata na panga, kwa sababu gani sijui. Akamkata begani.

Nikapiga kinu.

Mnada wote ukageuka. Wote, kwa pamoja. Mwenye pikipiki akaona macho ya watu akaogopa, akageuza. Wenzangu wakaangusha vinu vya Somoe, vikabiringika njiani. Pikipiki ikagonga kinu, ikalala. Dereva akakimbilia mikorosho. Mwenye panga akabaki mguu chini ya pikipiki. Akajivuta, akasimama, akainua panga, nasi tulikuwa kati yake na Mama Tatu. Hapo pa kukimbilia hapakuwepo.

Tulikuwa watatu. Mmoja mbele, mmoja nyuma, mmoja njiani. Sikumbuki mchi upi ulimpiga mkono. Panga likaanguka. Wa pili ulimpata tumboni, akakaa.

Ni kijana. Ana umri wa Salima wangu. Alinitazama toka chini, midomo imepauka, akasema, "Shikamoo, mama."

Shikamoo!

Sijawahi kuacha kuitikia shikamoo maishani mwangu. Hata ya mlevi naitikia. Hii sikuitikia. Niliinua mchi na nilitaka kuushusha kichwani mwake. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma: nilitaka.

Kabla sijaushusha wanaume wakafika. Sasa ndiyo wamefika. Mawe, fimbo, mmoja kashika chupa ya petroli, mwingine anabiringisha tairi. Mwenye kitambaa cha ulinzi ndiye aliyekuwa mbele. "Kina mama pisheni, tumalize."

Nikamkumbuka Somoe amegeukia ukutani. Nataka nimwone. Autazame huu mkono. Hawa wakimchoma, Somoe atamwonyesha nani mkono wake? Majivu?

Nikageuka. Sikuwaambia wenzangu kitu, wakageuka nao. Migongo kwa kijana, michi kwa wanaume. Nikawatukana. Nikawauliza jando lilipokuwa linatoka walikuwa wapi, Somoe alipovuja damu walikuwa wapi, leo mtu kakaa chini hana panga ndiyo wamekuwa mashujaa. Mmoja akarusha jiwe, likanipata kwenye nyonga. Mwenye chupa akasogea. Tukaanza kutwanga hewani, watatu, taratibu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingia humo. Tumekaa hivyo mpaka polisi walipofika. Mikono yangu haikunjuki.

Mama Tatu alifungwa kanga sawasawa. Damu ilisimama kabla ya gari kufika.

Ijumaa, 2 Agosti

Nyonga imevimba. Dereva wamemkamata Chilangala.

Wanaume wengine hawanisalimii. Eti tumemtetea mwizi. Nimtetee? Nikimwota usiku nampiga. Waache wasinisalimie.

Mwenyekiti kapita nyumba kwa nyumba anaeleza kwamba mpango wa filimbi umezaa matunda. Filimbi! Nimemfungia mlango usoni. Halafu nimeufungua tena ili niufunge kwa nguvu zaidi.

Jumatatu, 5 Agosti

Nilimwambia Somoe polisi wanamhitaji Newala, kumtambua mwenye panga. Baba Hamisi akaanza kusema hatakwenda. Somoe akavaa baibui lake, kwa mkono mmoja, taratibu, hakutaka kusaidiwa, akatoka akasimama barabarani. Pikipiki ya kukodi ikaja. Akarudi nyuma hatua moja, kisha akapanda. Baba Hamisi kapanda nyuma yake. Sikuwafuata. Ile ilikuwa safari yake.

Jumanne, 6 Agosti

Somoe kaja kwangu leo asubuhi, mwenyewe, kwa miguu. Mara ya kwanza kutoka bila kwenda hospitali wala polisi. Kakaa kwenye beseni lililopasuka, nimeligeuza kigoda.

Kasema walimleta mbele yake. Akaunyoosha mkono, akamwambia tazama. Kijana akatazama, kisha akainamisha kichwa. Lile swali lake, nilikukosea nini, hakulijibu. Kasema tu shikamoo.

Kaniuliza, nawe alikuamkia? Nikasema ndiyo. Uliitikia? Nikasema hapana.

Akauvutia kanga ule mkono.

"Mimi nimeitikia," akasema. "Marahaba ikanitoka yenyewe, Mama Salima. Nimejitukana njia nzima."

Sikujua nicheke au nilie. Nikachekea puani. Naye akacheka, kidogo, kisha tukalia. Kisha akauliza habari za Mama Tatu, na kama vinu vimeharibika.

Jumatano, 7 Agosti

Kinu kile kimeingia ufa. Baba Hamisi kakikagua, kasema kinaweza kutwanga bado, ila hakiuziki. Kaniachia. Hakusema kitu kuhusu mnada wa kesho, na Somoe hakumuuliza.

Jioni ukungu umeshuka mapema. Nilikuwa natwanga makopa ya muhogo uani. Somoe kaja, kachukua mchi wa pili kwa mkono wa kushoto, wa kulia kauegemeza tu, vile vidole viwili vimesimama pembeni. Anashusha kwa kuchelewa. Nikapunguza mwendo. Michi ikagongana mara mbili, tatu, tukaendelea. Halafu ikaacha kugongana.

Unga umetoka na chenga. Tumeusonga hivyo hivyo, tumekula.

Kasema kesho nimpitie mapema, tuwahi mahali petu.